Daftari Lenye Safu Mbili

Safu ya kushoto ni Kisumu.
Jumanne hadi Alhamisi, ghorofani, nyuma ya duka la matairi,
feni moja, kitambaa cha kijani kilichotobolewa na sigara.
Huku pesa ni pesa: ukiweka elfu mbili, ni elfu mbili,
na ukiinuka unatoka nazo, au unaziacha zikikucheka.
Hapa hukaa Rading', mwenye malori ya miwa kule Muhoroni,
huja na harufu ya molasi na hasira za mizani ya kiwanda;
hukaa Jashvant wa vipuri, mpole kama paka aliyeshiba,
na daktari wa meno ambaye hatujawahi kuona yake.
Mimi huwasubiri. Kazi yangu, ukiuliza, ni kusubiri.
Natupa mbili na saba, natupa bibi wa uru na jirani yake mnyonge,
natupa hadi mkono unazoea kutupa,
na nyumbani nikiletewa chai
naisukuma katikati ya meza.

Safu ya kulia ni mashindano.
Nakuru kila mwezi, Nairobi mwisho wa robo,
Kampala nikimudu kiingilio na kitanda.
Huko chipu si pesa, ni pumzi.
Unakabidhiwa elfu ishirini za plastiki
na saa ya ukutani inaanza kuzila.
Mia wanaingia, kumi na wawili wanalipwa,
mmoja anapigwa picha.
Nimewahi kuwa wa kumi na tatu. Nimewahi kuwa wa tisini.
Soda ya baadaye ni ileile.

Kushoto hulisha kulia,
kama ng'ombe wa maziwa anavyolipia mbolea ya mahindi
ambayo mvua bado haijayatolea uamuzi.

Usiku, Londiani, ukungu umelala barabarani kama mlevi.
Probox yangu inakohoa, shati la mashindano linaning'inia nyuma
likitikisa mikono mitupu,
nami nabishana nalo:
Kwa nini ulilipa kuona? Hakuwa na kitu.
Alikuwa na kitu.
Basi kwa nini ulilipa?

Dada yangu Khasandi huuza nyanya sokoni Luanda.
Nilipomwambia ukweli hakushtuka, alifuta kisu kwenye leso:
"Kreti hufunguliwi mpaka ulipe.
Za juu nyekundu, za chini Mungu anajua.
Tofauti yetu ni kwamba mimi hunyeshewa."

Halafu ile Alhamisi.
Shupaza tano mkononi na mezani, ree ikiwa yangu,
hakuna duniani wa kunishinda.
Rading' alikuwa na mfululizo wake, nilimwona akiupenda.
Chipu zikamwishia. Akaingiza mkono kotini,
akatoa bahasha ya kaki, akaisukuma mbele,
na juu yake, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa karani:
MADEREVA – JULAI.

Daktari wa meno alitazama feni.
Jashvant alisafisha miwani iliyokuwa safi.
Nilihesabu, kama nihesabuvyo daima:
kilichomo mezani, kilichobaki kwangu,
madereva wangapi, sikujua. Tisa? Kumi na wanne?
Hesabu ya mwisho haikuwa na mahali pa kuwekwa.
Nikasema, "Nimelipa."

Sitasema sikulala. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniwasha.
Asubuhi niliandika kushoto: sabini na nane elfu.
Jumamosi niliandika kulia, Nakuru:
wa ishirini na mbili, hakuna.
Zilikuwa zimevuka Mau na mimi zile noti
na hazikurudi.

Pembezoni, palipo na mstari mwekundu
ambao shuleni tulikatazwa kuuvuka,
niliandika kwa penseli, herufi ndogo: mishahara.
Sijui nilitaka kukumbuka au kudaiwa.

Jumanne Rading' alikuja kama kawaida,
molasi kwanza, kisha yeye.
Alivuta kiti, akajikwangua ndevu,
akanitazama kama mtu anayetazama hali ya hewa.
"Mbona mmekaa?" akasema.
"Gawa."